Presha ya mkata mkonge: mashine ipi inalipa?

Kaka yangu anakata mkonge kwenye shamba moja Korogwe, na ana presha. Mwaka jana nilimtumia saa ya mkononi kutoka duka moja la mjini, ya kisasa kabisa, inayohesabu hatua na usingizi na kudai kupima presha, hata sukari, bila kutoboa kidole. Wiki ya pili akanipigia. "Mdogo wangu, hii saa yako nimeifunga kwenye ndizi. Ndizi ina presha nzuri kunishinda."

Tulicheka, lakini pesa ilikuwa imekwenda. Baadaye nikasoma kuwa Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Saa nimeitoa kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe nimeipiga upya kwa kipimo anachokijua mkata mkonge, yaani siku za kazi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26, unapata kama 5,385 kwa siku. Nauli na bei ya mashine nitakazotaja ni za mfano. Weka za kwenu, pamoja na kima cha chini cha sasa.

Tuanze na alivyozoea, kwenda kliniki kila mwezi. Bodaboda na basi, kwenda na kurudi, tuseme 8,000. Ongeza siku iliyopotea, maana anayelipwa kwa kazi aliyoimaliza hapati kitu asipoingia shambani. Safari moja inakula 13,385, mwaka mzima 160,620, na dawa hazimo. Kwa fedha hizo anapata vipimo 12 tu, tena vya mtu aliyetoka kutikiswa na bodaboda.

Akinunua mashine yake ya 80,000, hizo ni siku 15 za jasho. Daktari akiridhika kumwona kila baada ya miezi mitatu na vipimo vingine akatumiwa kwa simu, safari nne zitagharimu 53,540. Jumla ya mwaka wa kwanza ni 133,540, ukiacha betri. Nafuu yake ni ndogo kuliko muuza duka anavyokueleza. Inaonekana zaidi mwaka wa pili, kama mashine bado nzima.

Kwa hiyo mashine iwe ya kudumu. Chukua ya kufunga mkono wa juu. Ya kwenye kifundo cha mkono ni rahisi kukosea, maana lazima ikae usawa wa moyo. Pima mzunguko wa mkono wa atakayeitumia kwa futi ya fundi cherehani kabla hujalipa. Mkanda wa kawaida huchukua sentimita 22 hadi 32, na ukimbana mkono mnene utasoma presha kubwa kuliko ilivyo. Tovuti ya STRIDE BP ina orodha ya bure ya mashine zilizothibitishwa usahihi wake, kwa hiyo tafuta jina na namba ya modeli, usiridhike na jina la kampuni peke yake. Bluetooth usiilipie kama mpimaji ana simu ya kitochi. Namba mbili zinaingia kwenye meseji ya kawaida.

Kwa mama mjamzito anayepalilia shambani ningetafuta Microlife CRADLE, iliyobuniwa kwa ajili ya sehemu zisizo na vifaa vingi. Inajazwa upepo kwa mkono, inachajiwa kwa chaja ya simu, na ina taa za kijani, njano na nyekundu, hata asiyejua kusoma anaelewa.

Sukari ni habari nyingine. Mashine yake hainitishi, vinavyotafuna pesa ni vipande vya kupimia. Anayepima mara moja kila siku anamaliza makopo saba ya vipande 50 kwa mwaka na kugusa la nane, na vingi havitakiwi kuwekwa penye joto la zaidi ya nyuzi 30. Nyumba ya bati Korogwe mwezi wa pili unaijua. Hapo kliniki bado inashinda.

Lakini kilichonigharimu zaidi ya saa ni jambo ambalo sikuliuliza: nani atazisoma tarakimu? Miezi miwili kaka alizituma kwangu, na mimi ni mhasibu. Kabla ya kununua chochote, nenda zahanati, umpate muuguzi au tabibu atakayekubali kuzipokea na kukwambia siku gani atazisoma. Asipopatikana, baki na nauli yako. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, hiyo ni presha. 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua au kupooza haisubiri meseji, ni kukimbizwa hospitali.

Shamba likijitolea kununua mashine, pokeeni, ila daftari la vipimo lisikae kwa nyapara. Mwenye presha asije akakosa kazi msimu ujao.

Kambini kwa kaka wamechangishana watu kumi, 8,000 kila mmoja, siku moja na nusu ya kazi. Mashine inakaa kwa mama lishe. Wanakaa kimya dakika tano kabla ya chai, wanapima mara mbili wakipishanisha dakika moja, asubuhi na jioni kwa wiki nzima kabla ya kumwona daktari. Kwenye daftari hakuna majina, kuna namba tu. Wazee wa kambi, ambao baba zao waliitwa manamba, wamelicheka sana hilo. Kaka ni namba 4. Juzi alisoma 152 kwa 94 siku tatu mfululizo, na Alhamisi jioni muuguzi akampigia.