Gari ya kuchezea inapata moto yake, gari ya ekipi inasukumwa

Ninyi wa karyeri na ninyi wa chini ya udongo, pamoja na wamama na watoto mu kampi: leo tuzungumuze juu ya kitu kidogo sana, kinaenea mu kiganja ya mutoto. Ni buji ya kupasha moto, ile yenye haitoi cheche lakini inakuwa nyekundu sawa kaa la makala. Sisi tunaijua mu motere za mazutu. Lakini ili tuielewe muzuri, tuanze kwa gari moja yenye hakuna mufanyakazi anaipanda: gari ya kuchezea.

Siyo ile ya plastiki ya ku soko. Nasema zile gari ndogo za telekomande zenye motere ya kweli, na pistoni, na karburatere, na moshi. Watu wazima njo wanazicheza, huko Marekani, Ulaya na Japani, na wanafanya nazo mashindano. Motere yake hainywi esansi wala mazutu. Inakunywa muchanganyiko wa metanoli, nitrometani na mafuta ya kulainisha, ndiyo maana watu wanaziita gari za nitro. Metanoli ni alkoli ya sumu. Wamama, kama kopo ya ile mafuta inafika ku nyumba, musiiache karibu na watoto, na mutu asiionje: kiasi kidogo kinaweza kupofusha macho ao kuua. Tena moto yake haionekani muzuri mu mwangaza wa jua. Mutu anaweza kuungua mbele hajaona kitu kinawaka.

Juu ya silenderi ya ile motere kuna buji moja. Ndani yake iko waya nyembamba iliyozungushwa sawa resori, na ile waya ni ya platini iliyochanganywa na chuma ingine. Kwa kuwasha, unaleta batri ndogo ya volti 1 na nusu hivi, waya inakuwa nyekundu, unazungusha motere, inashika. Kisha unaondoa batri, na motere inaendelea kutumika. Kwa nini haizimiki? Sababu metanoli ikigusa platini ya moto, inaungua palepale juu ya ile waya na kuongeza joto. Kila mulipuko unapasha buji kwa ajili ya mulipuko wenye kufuata. Ni Mumarekani mumoja, Ray Arden, alileta buji ya namna ile ku soko mu mwaka 1947, kwa motere za ndege za kuchezea. Mbele yake, ndege ndogo ilipashwa kubeba batri, bobini na buji ya cheche. Ni muzigo muzito kwa kitu chenye kutaka kuruka.

Lakini ule mupango uko na uzaifu. Motere ikizunguka polepole, gari imesimama inangoja, milipuko inakuwa midogo, mafuta baridi inaingia, na buji inaanza kupoa. Ikipoa zaidi, motere inakufa. Kwa gari, mwenyewe anakimbia kuichukua. Kwa ndege, huko juu hakuna mahali pa kusimama na kuwasha tena.

Basi wenye kucheza wakatafuta dawa. Walifunga batri ndogo ndani ya gari yenyewe, pamoja na kifaa kinachofuata amri ya telekomande. Ukiachilia gazi, kifaa kinatuma umeme ku buji. Ukiongeza gazi, kinakata, sababu sasa buji inajipasha yenyewe, na batri haimaliziki bure. Kazi yake ni ile tu: kusaidia motere wakati iko zaifu, kuiacha wakati iko na nguvu. 

Hapo kuna mambo mbili yenye fundi yeyote wa umeme atatambua mara moja. Ya kwanza, volti ni kidogo lakini ampere ni nyingi, 2 ao 3 hivi kwa buji moja. Waya ikiwa nyembamba ao ikiwa na kutu, umeme unapotea mu njia mbele ya kufika. Ya pili, ukikosea na kuleta volti 12 ku ile buji, waya yake inakatika palepale. Kila buji na volti yake.

Tuje sasa ku gari zetu

Toyota Land Cruiser ya motere 1HZ, ile tunaona kila siku mu barabara za Kolwezi na Likasi, iko na silenderi 6, na kila silenderi na buji yake. Motere ya mazutu haitumii cheche. Pistoni inakandamiza hewa mpaka hewa inakuwa moto sana, mazutu inapulizwa ndani, inawaka yenyewe. Lakini asubui, motere ikiwa baridi, chuma inakula ile joto yote. Pale njo buji inaingia ku kazi. Ncha yake inapita digri 800, na mazutu inapata mahali pa kushikia.

Iko tofauti na ya gari ya kuchezea. Huku hakuna metanoli, na motere ikisha kupata joto haina lazima ya buji tena. Lakini mu motere mingi za mazutu, buji zinaendelea kupasha muda kiloko nyuma ya kuwaka, ili motere isitetemeke na isitupe moshi mweupe. Ni akili moja na ile ya kifaa cha gari ya kuchezea: usiache motere peke yake wakati ingali zaifu.

Na mutu asiseme huku kwetu hakuna baridi. Lubumbashi iko karibu metre 1 200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1 400. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na moja ya asubui, wenye kungoja gari ya kazi ku barabara wanajua vile mikono inakufa ganzi. Na huko juu hewa ni nyepesi, motere inapata kiloko ya kukandamiza. Buji ikikufa, ni mu ile miezi tunasikia.

Mu kampani moja, jina yake sitataja, niliona pickup ya kubeba ekipi yenye buji ine zimekufa kati ya sita. Shofere aliandika mu kaye ya gari. Delege akapeleka barua. Jibu ikarudi: pyesi haiko mu bajeti ya hii mwezi. Mwezi ukapita, na mwingine. Kila asubui, watu kumi wanashuka, wanasukuma, wakiwa na bote na kofia ya kazi, mu giza, ku mutelemuko. Kapita anaita: « Sukumeni, saa inapita! » Na wakichelewa, ni wao wanakatwa saa.

Tulinganishe, ndugu. Mwenye gari ya kuchezea ananunua batri, kifaa na waya nene, ili kitu kisichobeba hata kuku kisizimike katikati ya muchezo. Gari yenye kubeba wababa wa jamaa kumi, haina hata buji yake ya kawaida. Sisemi mutu asicheze. Nasema tuone feza inaenda wapi kwanza.

Dawa zenye kuua

Kusukuma njo afazali kidogo, hata kama mutu anaweza kuteleza na kuvunjika muguu. Kuna mambo mbili mabaya zaidi. Wengine wanawasha kitambaa chenye mazutu mbele ya kinywa cha hewa. Wengine wanapuliza eteri ya kopo ndani ya filtre. 

Sikieni muzuri juu ya eteri. Inawaka yenyewe mbele ya kufika digri 200. Buji ya moto inapita 800. Ukipuliza eteri wakati hata buji moja ao mbili zingali zinatumika, haitangoja pistoni ifike juu. Inalipuka mapema, pistoni ikiwa ingali inapanda. Pistoni inaweza kupasuka, ao moto inarudi mu bomba ya hewa na kutoka mbele ya uso wa mwenye kushika kopo. Ile mutu mara nyingi ni musaidizi wa mekanisie, kijana, asiye na kontra. Buji mupya ingemuchunga uso wake.

Tena kuna moshi. Ule moshi mweupe wa asubui ni mazutu yenye haikuungua, na inaumiza macho na kifua. Motere ikiachwa inazunguka mu garaje iliyofungwa ao chini ya udongo ili « ipate joto », watu wote wa karibu wanakunywa ule moshi. Mu mwezi wa 6 mwaka 2012, shirika la kimataifa la kuchunguza kansa, la OMS, lenye makao Lyon ku Ufaransa, liliweka moshi wa motere za mazutu mu fungu la kwanza, ni kusema vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa mutu. Sehemu ya ushuhuda ilitoka kwa wenzetu: wafanyakazi 12 315 wa migodi 8 za Marekani. Wale walitumika sawa sisi.

Namna ya kupima

Mekanisie hana lazima ya mashini kubwa. Motere imezimwa na kontakte imefungwa, ondoa ile ubao wa chuma unaounga buji zote, sababu ukiuacha utapima zote pamoja. Unga waya moja ya taa ndogo ya kupimia ku plus ya batri, na ncha ingine gusa ku kichwa cha buji. Taa ikiwaka, waya ya ndani ingali nzima. Isipowaka, buji imekufa. Pima moja moja.

Kama zote ni nzima na motere inakataa, angalia fizibo na rele, angalia kama umeme unafika ku ule ubao wakati wa kufungua kontakte. Angalia pia batri: demarere ikizunguka kivivu, hewa haipati joto, hata buji zikiwa mupya. Na musitegemee ile taa ndogo ya kadirani. Mu gari mingi inahesabu tu wakati, haijui kama buji imepata moto ao hapana.

Wakati wa kununua, soma volti yenye kuandikwa. Buji ya gari ya volti 12 ukiifunga mu gari ya volti 24 itaungua. Na kwa kuifungua ya zamani, afazali motere ikiwa na joto kiloko, usiivute kwa nguvu: ikikatikia ndani ya kilasi, kazi ya nusu saa inakuwa kazi ya siku mbili.

Kazi ya delege, kazi yetu wote

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inaweka juu ya mwajiri deni la kulinda afya na usalama wa wafanyakazi, na inasema juu ya kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Basi buji si jambo la shofere peke yake. Ni jambo la kuleta mu ile kamati.

Shofere, andika ugonjwa wa gari mu kaye, weka tarehe na saa, tia sahihi, na piga foto na telefone yako. Neno la kinywa linapotea, karatasi inabakia. Wenye kupanda nyuma, semeni na delege wenu kama munasukuma kila siku, na muhesabu dakika zenye kupotea, ili siku ya kukatwa saa mupate jibu. Delege, peleka barua na uchunge kopi yenye sahihi ya kupokea. Na kijana wa garaje, wakikuambia ushike kopo ya eteri, uliza kwanza kama buji zimekatwa umeme. Wakikosa jibu, weka kopo chini na uite delege.

Tarehe 1 ya mwezi wa tano baridi inaanza kukaribia. Garaje yenye kupima buji zake mu ile mwezi, mu Juni haitatafuta watu wa kusukuma.