Ringi ya Nondo na Unene wa Pini

Nguzo ya zege ya nyumba ya kawaida huko Makanyagio, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, huwa na nondo nne zilizosimama na ringi zinazozizunguka kutoka chini hadi juu. Mwenye nyumba anapokwenda dukani huulizia sana zile nne: ziwe za milimita 12 au 16? Ringi hazipewi heshima hiyo. Hukatwa kwenye nondo ya milimita 6 au 8, kijana mmoja akakaa kivulini akazikunja kutwa nzima, zikafungwa kwa bainding waya, zege likamwagwa, basi. Hakuna atakayeziona tena. Kwa hiyo ubora wake wote huamuliwa pale kwenye benchi la kukunjia, kabla hata fundi wa zege hajafika.

Kazi ya ringi ni kubwa kuliko umbo lake. Zege likibebeshwa mzigo kutoka juu hufupika kidogo na kutanuka ubavuni, nazo nondo zilizosimama hutaka kupinda kuelekea nje. Ringi ndiyo kibwebwe kinachokaza kiuno cha nguzo isitawanyike. Nondo ya milimita 8 ya daraja la 500 hustahimili mvuto wa karibu tani 2.5 kabla haijaanza kulegea. Nguvu hiyo ipo tu endapo ringi imefungika vizuri pale ncha zake mbili zinapokutana.

Kwa watu wa Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Mkoa uko kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 7.4, ambalo hadi leo linatajwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyonaswa na mitambo Afrika Mashariki. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi Bukoba na vijijini, lilikuwa la 5.9 tu. Mwaka 1910 hapakuwa na nguzo za zege za kuangusha huku kwetu. Sasa zipo, na kila mwaka zinaongezeka.

Mashine ya kukunjia ringi, kwa sura yake ya kwanza, ni ubao mzito uliopigiliwa vipande vya nondo visimame kama pini, pamoja na wenzo wa chuma wenye mdomo wa kushika nondo. Pini moja ndiyo nondo huizunguka, nyingine huizuia isikimbie, na alama za msumari ubaoni huonyesha urefu wa kila upande. Ringi ya mraba ina mikunjo mitano: kona tatu za digrii 90, na kona ya nne inayofungwa na kulabu mbili. Nguzo ya mita 3 yenye ringi kila sentimeta 15 huhitaji ringi zipatazo 20. Nyumba ya nguzo kumi basi ina ringi 200 na mikunjo 1,000, yote kwa mikono. Ukijua hivyo hutamlaumu kijana anayetafuta njia ya mkato saa kumi jioni.

Chuma kina tabia ambayo kila mkunjaji huijua kwa mkono wake: ukikikunja hadi digrii 90 ukaachia, hurudi nyuma kidogo. Mwaka 1678 Robert Hooke, Mwingereza, alichapisha kanuni yake kwamba kitu kinachonyumbuka huvutika kulingana na nguvu inayokivuta, na nguvu ikiondoka hurudi kilipokuwa. Nondo ya daraja la 500 yenye urefu wa mita 1 huweza kuvutwa kiasi cha milimita 2.5 tu na bado ikarudi. Ikivuka hapo, umbo jipya hubaki. Katika mkunjo, nyuzi za nje za nondo zimeuvuka mpaka huo kwa mbali sana, zile za ndani zimebanwa, na katikati kuna sehemu ambayo haijavuka. Ukiachia wenzo, nondo nzima hulegeza ule mvuto mdogo ambao bado inaweza kuulegeza, na pembe hufunguka digrii 2 au 3. Chuma kigumu hufunguka zaidi kuliko chuma laini. Ndiyo maana fundi mzoefu huvuka alama kidogo, na akibadilishiwa nondo za kiwanda kingine hujaribu ringi ya kwanza kabla ya kuendelea.

Sasa pini. Kwenye mabenchi mengi ya mtaani pini ni kipande cha nondo ya milimita 12, kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Viwango vya ujenzi vinavyofuata mfumo wa Ulaya vinataka nondo isiyozidi milimita 16 izungushwe kwenye pini yenye kipenyo kisichopungua mara nne ya unene wake. Kwa nondo ya milimita 8 hiyo ni milimita 32. Tofauti yake inahesabika kwa urahisi: gawa unene wa nondo kwa jumla ya unene huo na kipenyo cha pini. Kwenye pini ya 32, ngozi ya nje ya nondo huvutika kwa asilimia 20. Kwenye pini ya 12, kwa asilimia 40. Nondo yenye mbavu huweza kuanza kupasuka penye tako la ubavu, ufa mwembamba usioonekana mpaka uinamishe ringi kwenye jua.

Dawa ipo kwenye karakana yoyote. Bomba la maji la chuma la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha milimita 33 na kitu. Kipande chake kifupi, kikichomelewa kwenye bamba la chuma, ni pini halali ya nondo ya milimita 8. Kwa nondo ya milimita 6, bomba la robo tatu, lenye milimita 27 hivi, linatosha. Sioni sababu ya benchi lolote kukosa vipande hivi viwili.

Kuna pia kulabu. Njia ya mkato iliyozoeleka ni kuishia digrii 90, mkia wa ringi ukalala sambamba na uso wa nguzo, ndani ya tabaka jembamba la zege la nje. Tetemeko likija, tabaka hilo ndilo hubanduka kwanza. Mkia ukibaki hewani, ringi hufunguka, na nguzo imepoteza kibano chake wakati inapokihitaji. Kulabu ya digrii 135 huingiza mkia katikati ya nguzo, kwenye zege linalobanwa, na urefu wake baada ya mkunjo uwe mara kumi ya unene wa nondo: sentimeta 8 kwa nondo ya milimita 8. Wengi hukataa kwa kuwa ringi ya namna hiyo ni ngumu kuvalisha kwenye nondo zilizokwisha simamishwa. Ni kweli. Ringi zivalishwe nguzo ikiwa bado imelala chini, na kona za kufungia zizungushwe, zisipangane zote upande mmoja.

Mashine nyingine za kukunja waya na nondo zinafuata mantiki ileile, na si ngeni. Mwaka 1844 Charles Barnard wa Norwich, Uingereza, alitengeneza mashine ya kusuka wavu wa waya akiiga mashine za kufumia nguo. Mwaka 1899 William Middlebrook wa Waterbury, Marekani, alipewa hataza ya mashine ya kukunja vibanio vya karatasi. Mashine za mkono za fensi waya tunazoziona mijini hulazimisha waya kuzunguka bamba bapa ndani ya bomba lenye mfereji wa msokoto. Upana wa bamba hupanga tundu la wavu, na waya ukitoka hujiachia kidogo, hivyo tundu huwa kubwa kuliko bamba. Mashine za umeme za ringi hupokea nondo ikiwa bado kwenye rola, huipitisha kati ya magurudumu yanayoipinda huku na huku kwa kipimo kinachopungua mpaka inyooke, kisha pini huizungusha na kisu hukata. Hata hapo mwendeshaji lazima aingize digrii za ziada kwa kila shehena mpya ya chuma, na achague pini inayolingana na unene wake.

Ringi iliyokunjwa vibaya isinyooshwe ikakunjwa upya mahali palepale. Mkunjo wa kwanza umekwisha kuifanya ngumu sehemu hiyo, na kuirudisha hufungua nyufa zilizojificha upande wa ndani. Ikatwe, kipande kinyoofu kitumike kwa ringi ndogo, na mkunjo wenyewe uende kwa muuza vyuma chakavu.