Fedha Zinazoingia Mlangoni: Ziada ya Mradi ni ya Nani?

Jumuiya ya Mji Mkongwe wa Unguja inapata ruzuku ya kufundisha vijana muziki. Baada ya miezi kadhaa vijana wanaiva, jumuiya inaandaa onesho na watalii wananunua tiketi. Kikundi cha akina mama wa pwani ya mashariki kinapewa mashine ya kusaga mwani, na sabuni zinaanza kununuliwa mahotelini. Fedha zinaingia kwenye kasha, zinatoka kwa nauli, gesi na chai ya kikao, na mwisho wa mwaka mkaguzi anaomba risiti ambazo hakuna aliyeziweka. Hakuna aliyeiba, lakini jumuiya imejipaka doa mbele ya mfadhili.

Fedha hizi kihasibu huitwa mapato ya mradi: tiketi, ada, kodi ya ukumbi, mauzo ya bidhaa, chochote kilichopatikana kutokana na kazi iliyogharamiwa na ruzuku. Zisichanganywe na salio la ruzuku, yaani fedha za mfadhili ambazo hazikutumika. Hizo kwa kawaida hurudishwa. Mchango wa mtu aliyeipenda tu kazi yenu nao una safu yake katika daftari.

Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani zinaonesha vizuri njia tatu zilizopo. Chukua mfano wa bajeti ya shilingi milioni 100 na tiketi zilizoingiza milioni 12. Njia ya kwanza ni kupunguza: mfadhili anatoa milioni 88, kazi inabaki ya milioni 100. Ya pili ni kuongeza: ruzuku inabaki milioni 100, na zile 12 zinapanua kazi ileile, mathalani kwa kununua ala au kuchukua wanafunzi zaidi. Ya tatu ni kuhesabu milioni 12 kuwa sehemu ya mchango ambao jumuiya iliahidi kuutoa. Mkataba usiposema lolote, jumuiya nyingi huangukia njia ya kwanza. Basi aliyenyamaza siku ya kutia saini ndiye anayeona jasho lake likimpunguzia mfadhili mzigo.

Umoja wa Ulaya una msingi wake: ruzuku isimzalishie faida aliyeipokea. Mwisho wa mradi, ruzuku na mapato yakizidi gharama halali, sehemu ya ziada inaweza kudaiwa. Lakini ipo misamaha, na mmoja unatuhusu sana: mapato yanayokusudiwa kuendeleza kazi baada ya ruzuku kwisha, ikiwa mkataba umelitaja jambo hilo.

Kuna pia upande wa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatumika pande zote mbili za Muungano. Jumuiya haipati nafuu kwa kuwa tu imesajiliwa. Ni lazima Kamishna wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) aitambue kuwa ni ya hisani. Ikishatambuliwa, fedha ilizotumia kwa kazi ya hisani huondolewa katika hesabu ya kodi, pamoja na asilimia 25 ya mapato ya biashara na uwekezaji wake. Inayotaka kuweka akiba zaidi ya hapo imwombe Kamishna mapema.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu Unguja tumeshaona wafadhili wakiondoka. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, ingawa tiketi zake zilikuwa na wanunuzi. Mwaka 2019 chuo cha muziki cha DCMA, kilichofundisha taarab na ngoma tangu 2002, kilitangaza kuwa kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Julai 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, lilifunga shughuli zake. Upande wa pili kuna Chumbe, hifadhi ya matumbawe iliyotangazwa rasmi 1994. Nyumba zake saba za wageni zinaingiza fedha zinazolipa walinzi wa miamba na safari za wanafunzi wa skuli zetu. Pale ziada ina kazi iliyokwisha kupangiwa kabla ya mgeni kupanda boti.

Kwa jumuiya inayoomba ruzuku leo, ushauri wangu ni huu. Andikeni ndani ya ombi lenyewe kwamba mradi utaingiza fedha, mkadirie kiasi, na muombe njia ya kuongeza. Ombeni pia kifungu kinachosema mapato yatakayopatikana baada ya mkataba kwisha ni ya nani. Fungueni akaunti ya benki ya mapato hayo pekee, na tiketi ziwe na namba za mfululizo. Usiku wa onesho anayeuza asiwe ndiye anayehesabu. Wawili wahesabu, wote watie saini kwenye vocha, na fedha zifike benki kesho yake asubuhi kabla hazijalipa hata nauli ya bodaboda. Wekeni risiti za gharama za kuzipata fedha hizo, kama uchapaji wa tiketi na kukodi vipaza sauti, maana gharama ambazo hazikulipwa na ruzuku zinaweza kukatwa kwanza. Kamati nayo iamue kwa muhtasari ulioandikwa ziada itafanya nini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nawaomba wajumbe wa kamati msimwachie mhasibu peke yake jambo hili: kabla ya kutia saini mkataba unaofuata, tafuteni kifungu cha mapato ya mradi. Kama hakimo, msitie saini mpaka kiwemo. Nanyi wafadhili, iacheni ziada iliyoandikwa vyema ibaki Unguja, kwani ndiyo itakayolipa mishahara mtakapokuwa mmeondoka.