Je, Wajua Faili Hukaa Vipi Ndani ya Diski?

Diski ya kompyuta haijui barua, picha wala wimbo. Inachojua ni vipande vidogo vyenye namba, viitwavyo sekta. Kwa miongo mingi kila sekta ilibeba baiti 512. Diski nyingi za sasa hutumia sekta za baiti 4,096. Kuamua ni sekta zipi zinazounda picha fulani, na zipi bado ni tupu, ni kazi ya mfumo wa mafaili, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayotunza hesabu za diski nzima. Hesabu hizo zikiharibika, data huweza kuwa nzima kabisa kwenye diski na bado isipatikane.

Njia mojawapo ya zamani na rahisi ni FAT, iliyobuniwa katika kampuni ya Microsoft mwaka 1977 na ambayo bado hutumika kwenye flashi na kadi za kumbukumbu. Karibu na mwanzo wa diski huwekwa jedwali lenye mstari mmoja kwa kila bloku, yaani fungu la sekta zinazotumiwa pamoja. Mstari wa bloku ya 7 ukiwa na namba 8, faili linaendelea kwenye bloku ya 8. Mstari wa 8 ukiwa na namba 21, linaruka hadi ya 21. Alama maalumu huonyesha mwisho. Hivyo faili moja laweza kutawanyika diski nzima na likasomwa bila tatizo, mradi mnyororo usikatike. Kwa tahadhari, jedwali hilo kwa kawaida huwekwa nakala mbili. Toleo la FAT32 huandika ukubwa wa faili kwa biti 32, kwa hiyo hakuna faili linaloweza kutimiza gigabaiti 4. Ndiyo maana filamu ndefu hukataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele.

Unix, mfumo endeshi ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, ilishika njia nyingine. Humo kila faili lina rekodi yake, inodi, yenye ukubwa wa faili, mwenye faili, tarehe na anwani za bloku zake. Jina halimo. Majina hukaa kwenye folda, ambayo nayo ni faili lenye orodha ya majina na namba za inodi. Kwa hiyo kubadilisha jina la filamu ya gigabaiti 10, au kuihamishia folda nyingine ya diski ileile, humalizika papo hapo: kinachobadilika ni mistari michache ya orodha za folda. Mfumo wa ext4, unaotumika sana kwenye Linux, umerithi mpango huo.

Kufuta faili nako ni kazi ya hesabu. Mfumo huondoa jina na kuandika kwamba bloku zake sasa ni huru, lakini data yenyewe hubaki mpaka faili jingine liandikwe juu yake. Aliyefuta kwa bahati mbaya anapaswa kuacha kutumia diski hiyo mara moja, na anayeuza kompyuta asidhani kwamba kufuta folda kumeondoa siri zake. Kwenye diski za SSD, mfumo endeshi huweza kuiarifu diski ni bloku zipi zimeachwa ili izisafishe, na hapo uwezekano wa kufufua faili hupungua sana.

Hatari kubwa huja umeme unapokatika katikati ya kuandika. Kuhifadhi faili jipya huhitaji hatua kadhaa: kutenga bloku, kujaza inodi, kuongeza jina kwenye folda. Kazi ikiishia njiani, bloku moja huweza kudaiwa na mafaili mawili. Zamani kompyuta ililazimika kukagua diski nzima ilipowashwa tena. Mifumo ya mafaili ya NTFS, ya mwaka 1993, na ext3, iliyoingia Linux mwaka 2001, huandika kwanza mabadiliko yanayokusudiwa katika daftari la pembeni. Umeme ukirudi, mfumo husoma daftari: mabadiliko yaliyoandikwa kikamilifu hutekelezwa upya, na yaliyokatika hutupwa. Hata hivyo, kwa kawaida daftari hulinda mpangilio wa diski, si kila neno lililokuwa likiandikwa. Baadhi ya data hungoja kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, na ndiyo sababu flashi hupaswa kuchomolewa baada tu ya kuiamuru kompyuta iiachie.

Ulinzi dhidi ya watu huanza na ruhusa. Unix hutenga haki tatu, kusoma, kuandika na kuendesha, kwa mwenye faili, kikundi chake na watu wengine. Lakini anayesimamia ruhusa ni mfumo endeshi. Diski ikichomolewa na kupachikwa kwenye kompyuta nyingine, msimamizi wa kompyuta hiyo huweza kuzipuuza. Kinga ya wizi ni usimbaji fiche, ambao huacha kwenye diski data isiyosomeka bila ufunguo.

Diski zenyewe pia huchakaa. Mfumo wa mafaili wa ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, huhifadhi kwa kila bloku namba ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na data yake. Bloku ikisomwa na namba zisipolingana, kosa hugunduliwa. Mpango wa RAID, ulioelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huunganisha diski kadhaa. Katika aina yake iliyo rahisi, kila kitu huandikwa kwenye diski mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee.

Lakini faili likifutwa kimakosa, RAID hulifuta kwenye diski zote mbili. Mwizi, moto na programu haribifu navyo huangamiza diski zilizo pamoja. Kwa hiyo ulinzi wa faili hautimii bila nakala rudufu iliyohifadhiwa kwenye chombo kingine, mahali pengine, na iliyowahi kujaribiwa kufunguliwa.