Vidonge ni vya Kumeza, Mama

Swali hili nimelijibu Gitega mjini, nimelijibu Muyinga, na sokoni Makebuko niliulizwa na mwanamke ambaye hata beseni la ndizi hajalitua kichwani: nisage vidonge vingapi kwenye kopo moja la mafuta? Vidonge anavyovitaja ni vya uzazi wa mpango. Haulizi kama vinakuza nywele. Hilo lilishaamuliwa saluni. Anauliza kipimo tu.

Kipimo ni sifuri.

Muulizaji karibu kila mara ni mama mwenye mtoto wa miezi minne au mitano. Akichana, nywele zinatoka kwa mafungu. Pembeni mwa paji pamebaki vinyweleo vya kuhesabika. Jirani mmoja amemwambia mtoto akianza kumtambua mama yake humchukulia nywele. Jirani wa pili, msomaji wa simu, amemwambia ni homoni. Huyu wa pili amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoleta balaa.

Mimba hupandisha homoni ya estrojeni, na nywele ambazo zingeanguka kwa zamu hubaki kichwani. Ndiyo sababu wajawazito wengi husifiwa nywele. Mama akijifungua, homoni hushuka, na zile zote zilizochelewa huanguka pamoja, kwa kawaida kuanzia kati ya mwezi wa pili na wa nne. Mizizi iko hai. Kwa wanawake walio wengi, nywele hurudi zenyewe mtoto akikaribia kutimiza mwaka. Sasa tazama uongo unavyopata mashahidi: mama anaanza kupaka mafuta yake ya vidonge mwezi wa tano, mwezi wa nane vinyweleo vinachomoza, sifa zote yanapewa mafuta. Angepaka maji ya kisima vingechomoza vilevile.

Isitoshe, kasaga vidonge gani? Anayenyonyesha mtoto mchanga kwa kawaida hupewa kidonge chenye projestini peke yake, kwa kuwa estrojeni inaweza kupunguza maziwa. Yaani homoni anayoiwinda haimo kabisa katika pakiti aliyoimaliza kwenye kinu! Iliyomo, baadhi ya wanawake huwapunguzia nywele. Akiazima pakiti ya dada yake yenye vidonge 28, saba vya mwisho mara nyingi ni vya madini ya chuma, rangi ya udongo, homoni hakuna. Wapo wanaoniapia kwamba hivyo vya udongo ndivyo vyenye nguvu zaidi. Nimeacha kubishana nao.

“Haidhuru, napaka tu,” huniambia. Inadhuru. Ngozi ya kichwa hupitisha homoni, mkono uliopaka ndio unaomshika mtoto, na kopo hilohilo hufunguliwa kwa ajili ya binti mdogo ili naye asukike. Mwaka 1998, huko Marekani, iliandikwa ripoti ya kitabibu ya watoto wanne wa kike waliopakwa bidhaa za nywele zenye homoni au kondo la nyuma: walianza kuonyesha dalili za kubalehe, mdogo kuliko wote akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Bidhaa zilipoachwa, dalili zikarudi nyuma. Tena kidonge kilichosagwa hakikumezwa. Mama aliyepanga kupumzika kuzaa atashtukia ana mimba, na kweli nywele zitajaa, maana ni mjamzito tena.

Sehemu za pembeni zisiporudi baada ya mwaka, usitafute homoni, mtazame msusi wako. Utafiti wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta dalili za upara wa kuvutwa kwa karibu mwanamke mmoja kati ya kila watatu waliochunguzwa. Msuko uliokazwa mpaka nyusi zinapanda hauongezi uzuri wala siku. Kwanza hutoka vipele kwenye mstari wa paji, kisha nywele hukonda, mwisho hubaki kovu, na kovu halioti kitu, hata ulipake duka zima la dawa.

Basi usuke nini, wewe unayeamka gizani, una shamba la kulima, maji ya kuteka na mtoto mgongoni anayevuta chochote anachofikia? Nyoa zibaki sentimita mbili: kinyozi yeyote anaweza, unaziosha unapooga, na mwenye uso wa mviringo aachiwe urefu kidogo utosini. Hutaki kunyoa, suka mistari minene bila kuongeza nywele za bandia. Uso wa mviringo mistari ipande juu, uso mrefu ipite upande, ifumuliwe baada ya wiki mbili au tatu. Uzi ni mzuri na rahisi mno, ukifungwa kwa kulegea. Rasta ziwe fupi na nyepesi, zisizidi wiki sita, na kamwe zisisukwe juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha jana. Dawa yenyewe iache kabisa miezi hii nywele zinapopukutika. Ukibeba mizigo, usifunge mabutu utosini: kata itayasugua mpaka yakatike. Kilemba ndiyo, lakini kisikaze paji, na usiku kivuliwe. Mafuta ya nazi yanatosha kulainisha. Hayaoteshi kitu, na hayana haja ya kuotesha.

Zikiendelea kuanguka mtoto ameshapita mwaka, au zikitoka kwa mabaka ya mviringo, nenda kituo cha afya upimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma na maradhi ya tezi ya shingo hupukutisha nywele, na yote mawili yana tiba.