Filimbi ya mzee yaingia kwenye kompyuta

WENZANGU tuliosomea ukimbizini tulirudi Juba na vyeti. Mimi nilirudi pia na endere, filimbi ya Waganda yenye matundu manne ya vidole, niliyofundishwa shuleni Uganda. Nikadhani filimbi naijua.

Kumbe! Jirani yangu, mzee aliyebaki hapa miaka yote ya vita, alipuliza yake huku akiimba kooni. Sauti mbili, mdomo mmoja. Nikaandika nota zake kwa MuseScore, programu ya muziki isiyolipiwa. Mwanafunzi akazipiga. Mzee akatikisa kichwa: "Wimbo wangu si huo."

Alisema kweli. Nikaanza upya. Sauti ya koo nikaipa mistari mitano yake, chini ya ile ya filimbi. Ulimi unapotetemeka, vistari vitatu kwenye kijiti cha nota. Pumzi tupu, nota yenye kichwa cha msalaba, na maelezo juu yake. Kompyuta ikiyapiga haya hutoa mlio mkavu usiofanana na mzee. Haidhuru, atakayesoma ni mtoto.

Ndugu wafanyabiashara wa Nimule, mkiona karatasi za kuchapia za bei nafuu huko Elegu, nikumbukeni. Mzee anakohoa, na zimebaki nyimbo sita.