Katika filimu ya mapenzi, binti aliulizwa?



Jumamosi iliyopita, baada ya kukusanya pesa za likelemba, tulibaki pamoja na mabinti wetu, tukatazama filimu moja ya zamani ya nchi yetu: La Vie est belle, maana yake "Maisha ni mazuri". Ilitoka mwaka 1987, wakati nchi ilikuwa ikiitwa Zaire. Waliyoiongoza ni Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Ndani yake Papa Wemba ni Kourou, kijana anayetoka kijijini kwenda Kinshasa kutafuta maisha katika muziki. Huko anampenda Kabibi.

Tulicheka sana. Kisha binti mmoja akauliza: "Kabibi mwenyewe aliulizwa?" Tukanyamaza wote.

Tuanze na mazuri, maana yapo. Katika filimu nyingi za wageni, Mwafrika anaonekana akiwa na njaa, akikimbia vita, au akingoja mgeni aje kumwokoa. Hapa watu wetu wanapenda, wanaimba, wanadanganyana na kusameheana, kama watu wote. Hata maumbo ya watu si ya namna moja. Yumo Pépé Kallé, mwimbaji mwenye mwili mkubwa, na yumo Emoro, mchezaji wa dansi mwenye kimo kifupi sana. Kwa mtoto anayechekwa shuleni kwa sababu ya mwili wake, kuwaona wasanii hao wakipendwa na watu si jambo dogo.

Lakini kuonekana peke yake hakutoshi. Tazameni lugha: wahusika wanaongea zaidi Kifaransa, wakati barabara za Kinshasa zinaongea Lingala. Mama ambaye hakusoma anaiona sura yake mle ndani, lakini sauti yake haisikii. Siku ile ilitubidi kuwatafsiria wenzetu.

Tazameni tena Kabibi. Tajiri Nvouandou amepoteza nguvu za kiume. Mganga anamshauri aoe mke wa pili, bikira, na akae naye siku 30 bila kumgusa. Ni wanaume wawili wanaopanga dawa, na dawa yenyewe ni mwili wa msichana. Mamou, mke wa kwanza, naye nyumba yake inavurugika. Filimu inamcheka tajiri, na hapo inatenda vema. Lakini mabinti wetu wanaweza kucheka bila kuona kwamba binti amegeuzwa kuwa dawa ya mtu.

Mwaka huohuo wa 1987, nchi yetu ilipata Sheria ya Familia. Inasema kila mmoja lazima akubali ndoa yeye mwenyewe, na aliye na ndoa hawezi kufunga nyingine kabla ya ile ya kwanza kuvunjika. Ilipotengenezwa upya mwaka 2016, iliweka miaka 18 kwa msichana na kwa mvulana. Lakini tunajua wote kwamba mwenye pesa akibisha hodi, mara nyingi wazee wanahesabu mahari kwanza, na binti anaambiwa mwishoni.

Kwa hiyo, mkitazama filimu ya mapenzi na watoto, iwe ya kwetu, ya Nigeria au ya Uhindi, msiwafukuze sebuleni. Ulizeni pamoja nao: Ni nani anaonekana, na ni nani hayupo? Anaongea lugha gani? Maskini, mlemavu au mama mzee yupo ili apendwe, au ili achekwe tu? Na msichana anaamua nini katika maisha yake?

Binti aliyezoea kuuliza hivyo mbele ya televisheni hatashindwa kuuliza siku wageni watakapokuja kwa ajili yake. Siku hiyo, sisi mama zake tuwe tayari kumsikiliza.